Muungwana ni Kitendo: Mchuuzi wa Molière na Jukwaa la Mlimani

Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, msomaji wa Kiswahili aliletewa kitabu chenye jina la kumsimamisha kidogo mlangoni: Mchuuzi Mwungwana. Kilikuwa tafsiri ya A. Morrison ya tamthilia ya Molière, Mfaransa wa karne ya 17. Kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, msomaji wa pwani alikuwa ameshaulizwa swali. Mchuuzi tunamjua: ndiye yule apitaye mitaani na kapu lake, akinadi bei na kushusha bei. Muungwana naye tunamjua, au tunadai kumjua. Lakini mchuuzi aliye muungwana ni nani? Ni mtu aliyepanda daraja, au ni mtu wa kuchekwa?

Makala haya hayakusudii kuipima tafsiri hiyo neno kwa neno. Tunachotaka kuuliza ni hiki: futuhi hii, ikichukuliwa na kikundi cha watu wa kawaida na kuonyeshwa kijijini, imcheke nani? Na ili swali lisibaki kuelea hewani, tutalipandisha mlimani hadi Suji, katika Upare wa Kusini, wilaya ya Same. Hatusimulii onyesho lililokwisha kufanyika huko. Tunaisoma tamthilia kwa jicho la mtayarishaji anayejiandaa, na kila hatua tunajiuliza watazamaji wa pale wataipokea vipi. Suji tumeichagua kwa makusudi, na sababu zake tutazieleza mahala pake.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wale ambao hawajakutana nacho. Bwana Jourdain ni tajiri wa Paris aliyerithi mali iliyotokana na biashara ya nguo. Hana dhiki ya fedha. Dhiki yake ni hadhi. Anataka ahesabiwe miongoni mwa watu wa nasaba. Kwa hiyo anaajiri mwalimu wa muziki, mwalimu wa kucheza, mwalimu wa kitara na mwalimu wa falsafa, na anashonewa mavazi ya kifahari na fundi anayemuibia kitambaa. Mtu mmoja wa nasaba, Dorante, anamkopa kila siku na hamlipi. Binti yake Lucile anapendana na Cléonte, kijana mwenye adabu zake, lakini baba anamkataa kwa kuwa hakuzaliwa katika ukoo wa kutukuka. Hapo mtumishi wa kijana, Covielle, anabuni hila: Cléonte anavishwa na kuletwa nyumbani kama mwana wa Sultani wa Waturuki, baba anatunukiwa cheo cha uongo, na ndoa inapita. Mchezo huu ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1670 katika kasri ya Chambord, mbele ya Mfalme Louis XIV, ukiwa na muziki wa Lully. Molière mwenyewe ndiye aliyecheza Jourdain.

Aina hii ya tamthilia, ambayo tunaweza kuiita futuhi ya adabu, si ngeni katika lugha yetu. Morrison alikuwa amekwisha kutupa Tabibu Asiyependa Utabibu mwaka 1945. Mwaka 1973 ikaja Mnafiki, tafsiri ya L. Taguaba. Shakespeare naye alipata wafasiri wake, wa kwanza wao Mwalimu Nyerere. Na mwezi wa Aprili 2012, wasanii wa Kenya pamoja na mghani wa Tanzania, Mrisho Mpoto, waliigiza kwa Kiswahili ile futuhi ya wake wawili wa Windsor katika jukwaa la Globe jijini London, Mpoto akiwa ndiye Falstaff, mnene mpenda wake za watu. Wasikilizaji wengi wa London hawakujua neno la Kiswahili, na bado walicheka. Hapana shaka, basi, kwamba lugha yetu inaibeba futuhi ya aina hii.

Fauka ya hayo, pwani yetu ilikuwa na futuhi yake yenyewe kabla ya vitabu hivi. Katika maonyesho ya taarabu palikuwa na desturi ya kuingiza kichekesho baina ya nyimbo: mume, mke, hawara, mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea. Ebrahim Hussein aliichukua desturi hiyo akaiandika katika Alikiona, iliyotoka mwaka 1970 pamoja na Wakati Ukuta. Tafauti ni kwamba kichekesho chetu humcheka zaidi mtu aliyevunja adabu, ilhali Molière anamcheka mtu anayezitafuta adabu kwa pupa. Hapa ndipo penye ugumu wa Mchuuzi Mwungwana kwa Mswahili, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Tuanze na jina. Jourdain katika asili ya Kifaransa si mchuuzi. Ni mwana wa mfanyabiashara, tena tajiri. Kwa kumwita mchuuzi, mfasiri amekwisha kuelekeza kicheko kabla mtu huyo hajatamka neno. Si yeye peke yake aliyefanya hivyo. Nyerere naye, mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, aliwaita wafanyabiashara wa Shakespeare mabepari, na kila msomaji wa Tanzania wa wakati ule alijua awachukie kuanzia jalada. Jina la tafsiri ni hukumu. Swali ni kama hukumu hiyo inalingana na mila za wale wanaoletewa.

Kwa watu wa pwani hailingani sawasawa. Ufaransa ya Molière ilimdharau mtu kwa sababu alifanya biashara. Huku kwetu biashara haijapata kuwa aibu. Mtume mwenyewe alifanya biashara, na masharifu, mashehe na washairi wetu wengi walikuwa na maduka na majahazi. Ndiyo maana kichekesho kimoja kikubwa cha Molière kinatupita pembeni. Covielle, akiwa amejigeuza, anamwambia Jourdain kwamba baba yake hakuwa muuza nguo hata kidogo. Alikuwa tu mtu aliyeelewa vitambaa, akivichagua na kuwapa rafiki zake kwa fedha. Mfaransa alianguka kwa kicheko. Mzanzibari atauliza: na angekuwa muuza nguo, kuna nini?

Lakini mbadilishie uongo huyo Covielle. Mwambie aseme: "Bwana wangu, mimi nilimjua babu yako kule Shiraz. Alikuwa mtu wa jamii kubwa." Hapo ukumbi mzima wa pwani utageuka kutazamana, na wengine watacheka huku wameinamisha nyuso. Kwani kilichomzuia mtu kuwa muungwana hapa kwetu hakikuwa kapu la biashara. Kilikuwa ni nasaba, na nyuma ya nasaba palikuwa na neno ambalo hatupendi kulitaja: utumwa.

Wahenga walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hii tunaifundisha skuli kama sifa ya vitendo dhidi ya maneno matupu. Tukiisikiliza vizuri, ina ncha mbili. Ncha ya kwanza inampiga mja, mtumwa, kwamba kazi yake ni kusema tu. Ncha ya pili, pengine bila ya msemaji kukusudia, inafungua mlango: kama uungwana ni kitendo, basi hauko katika damu, na yeyote atendaye kiungwana ni muungwana. Katika tamthilia nzima ya Molière, ugomvi ni baina ya ncha hizi mbili.

Ndiyo maana onyesho la mavazi, lile ambalo fundi na vijana wake wanamvisha Jourdain kwa kufuata mapigo ya muziki, haliwezi kuchezwa visiwani kama linavyochezwa Paris. Kwa desturi ya zama zile, mtumwa hakutarajiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, watu walioachwa huru walianza kuvaa walichonyimwa: kofia, kanzu, na baadaye buibui. Walikuwa wakivaa uhuru wao. Wapo waliowacheka, wakiwaona kama watu waliovaa visivyo vyao. Je, tunapomcheka Jourdain kwa kuvaa nguo za watu wa nasaba, hatusimami upande wa waliomcheka bibi yetu siku ya kwanza alipotoka na buibui jipya?

Swali hili ndilo lililotupeleka mlimani. Suji iko juu ya safu ya milima ya Upare. Anayetoka Tanga hupita tambarare kavu za mkonge, akifika Makanya huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Huko juu kuna mvua na migomba, na katika milima hiyo Wapare walijenga tangu kale mabwawa yao ya kumwagilia mashamba, ndiva. Chini ya milima hiyo ilipita misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Pangani na Tanga. Mtu wa pwani aliyepita huko akiwa na kanzu yake alijiita muungwana, na watu wa milimani, pamoja na bara nzima, aliwaita washenzi. Hilo ndilo neno tulilowapa. Kisha mwaka 1903 wakaja wamisionari Wajerumani wa Kiadventista katika Upare wa Kusini, na Suji ikawa mojawapo ya vituo vyao. Reli ya kutoka Tanga ikapita bondeni na kufika Moshi mwaka 1911. Kwa muda wa kizazi kimoja tu, watu wa mlimani walikuwa wamepata walimu wa kila aina: wa kuimba, wa kusoma, wa kuvaa, wa kuketi mezani, wa kuhesabu siku za wiki upya ili Jumamosi iwe Sabato.

Nani basi anayemwelewa Jourdain zaidi ya mtu ambaye babu yake aliletewa walimu wanne kwa mpigo, kila mmoja akimwambia kwamba yale aliyoyajua si kitu? Paris inamcheka mwanafunzi. Suji inaweza kuwacheka walimu. Na ukiisoma tena tamthilia kwa makini utaona kwamba Molière amekuachia nafasi hiyo. Walimu wale wanne wanagombana juu ya elimu gani iliyo bora, hadi mwalimu wa falsafa, aliyetoka kuhubiri subira, anarusha ngumi. Jourdain ndiye anayejaribu kuwaamulia. Katika onyesho hilo, aliye muungwana kwa kitendo ni nani?

Kwa ugomvi huo tungependekeza umbo la ngonjera. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara, ndiye aliyetukuzia ushairi huo wa kujibizana, na ukaenea maskulini kote. Walimu wanne wakibishana kwa ngonjera, kila mmoja na vina vyake, hadi vina vikavurugika pamoja na mashati, mtazamaji wa Suji atakuwa nyumbani kwake. Na mpenzi wa ushairi wa kisiwani, akiwapo, naye atakuwa nyumbani kwake.

Tuseme neno juu ya Dorante. Jourdain ana kijitabu cha madeni. Onyesho la hesabu ni la kukata mbavu: anasoma kiasi kwa kiasi, jumla inafika livre 15,800, na Dorante, badala ya kulipa, anaomba apewe pistole 200 zaidi ili zitimie livre 18,000 kamili. Jourdain anampa, kwa kuwa mtu huyu amesema jina lake katika chumba cha mfalme. Upareni mchezo huu una chumvi ya pekee. Husemwa katika utani kwamba Mpare yu radhi auze ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na Wachaga, watani wao, hawachoki kuurudia. Hebu fikiria watazamaji wenye utani wa namna hiyo wakimtazama mtu mwenye daftari, tarehe na ushahidi wote, na bado haendi mahakamani kwa sababu mdaiwa ni mtu mkubwa! Watamwita kutoka vitini mwao. Watamwonyesha njia ya kwenda Same. Na kicheko chao kitakuwa kimempata anayestahili.

Hali kadhalika na lile onyesho fupi la kijana wa fundi. Anamwita Jourdain kwa jina la heshima, anapata bakshishi. Anapandisha heshima, anapata nyingine. Anapandisha tena, anapata tena. Mfasiri yeyote anaweza kupotea hapa kwa kutafuta vyeo vya Kifaransa. Lakini nani kati yetu hajaegesha gari au kushusha mzigo sokoni akasikia ngazi hiyo hiyo? Mzee. Bosi. Mheshimiwa. Kila kidato kina bei yake. Futuhi ya adabu hukaa ndani ya maneno ya kuitana, na Kiswahili kina ghala kubwa la maneno hayo. Mtayarishaji wa kijijini hahitaji kamusi kwa hili. Anahitaji masikio.

Sasa mapenzi, ambayo ni uti wa kisa. Jourdain anamuuliza Cléonte kama ni mtu wa nasaba. Kijana angeweza kudanganya, na wengi wa zama zake walidanganya. Anajibu kwamba si wa nasaba, na kwamba kujipa jina la wizi ni jambo la aibu kwa mtu mwema. Kwa jibu hilo anampoteza mchumba. Huyu ndiye muungwana wa methali yetu, na ajabu ni kwamba anauthibitisha uungwana wake kwa kuukana. Kikundi chochote cha kijijini kikimpa nafasi hii kijana mwenye kuongea polepole, asiyejipamba, kitakuwa kimeshinda nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni ya Bi Jourdain. Wakosoaji wengi humtaja kama mke mgomvi. Sisi tunaona kuwa yeye ndiye nguzo. Anapinga binti yake kuolewa juu ya daraja lake kwa hoja ambayo kila bibi wa pwani na wa mlimani ataitambua: hataki mkwe atakayemsimanga binti kwa ajili ya wazazi wake, wala hataki wajukuu watakaoona haya kumwita bibi. Katika nchi ambayo mahari ni mazungumzo ya koo mbili, na ambayo mtoto aliyesoma mjini hurudi likizo akiona haya kwa mkono wa mama yake ulioshika jembe, maneno hayo si ya kuchekesha. Mtayarishaji mwenye busara atawanyamazisha wapiga ngoma hapo, amwache mama huyu aseme taratibu, kisha Nicole, mtumishi wake asiyeweza kuzuia kicheko, aanze kucheka tena baada ya kimya. Futuhi isiyo na kimya ndani yake ni kelele.

Tusiufanye mlima kuwa pepo. Huko nako nasaba zilikuwapo. Masimulizi ya Ugweno, Upare wa Kaskazini, yanaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyotwaa utawala kutoka kwa Washana, wahunzi. Na Profesa Isaria Kimambo ameyaandika hayo katika historia yake ya Wapare. Mlima una waungwana wake na wasio waungwana wake. Ndiyo maana tamthilia hii itauma huko pia, na isipouma haina haja ya kuchezwa.

Lipo onyesho moja ambalo hatuwezi kulipita kimya, nalo ni lile la Waturuki. Mwaka 1669 mjumbe wa Sultani alikuwa amefika kwa Louis XIV na hakuonyesha kustaajabia fahari ya kasri. Mfalme akaumia, na mwaka uliofuata Molière na Lully wakampa kisasi cha jukwaani: mufti wa mzaha, dua za mzaha, na hata kitabu kitakatifu kufanyiwa mchezo juu ya mgongo wa Jourdain. Wapo watakaosema kwamba sanaa ni sanaa, lichezwe kama lilivyo. Sisi hatukubali. Visiwani halichezeki, na Upareni, ambako Waislamu na Wakristo ni ndugu wa nyumba moja na huzikana, halifai kuchezwa. Kucheka dini ya jirani kwa sababu mfalme wa Kifaransa alinuniwa na balozi si ujasiri wa sanaa. Ni kubeba ugomvi usiotuhusu.

Hata hivyo onyesho lenyewe haliwezi kukatwa, kwa sababu ndilo linalofungua ndoa. Kinachohitajika ni kwamba Jourdain apewe cheo kikubwa, cha mbali kiasi cha kutoweza kuulizwa, kwa lugha asiyoielewa. Mlimani jawabu liko upande wa pili wa bonde. Usambara ilikuwa na ufalme mashuhuri wa Wakilindi, makao yake Vuga, na mfalme wake akiitwa Simbamwene. Tawala hizo za jadi zilikwisha mara baada ya uhuru. Cléonte akiingia kama mwana wa Simbamwene wa Vuga, na Covielle akiwa mkalimani wa lugha ya kubuni, mzaha utakuwa ni wa majirani, katika roho ya utani, ambao watu wetu wameujua kwa karne nyingi kama ruhusa ya kucheka bila ya kuchukiana. Dini itakaa nje ya mlango, kwa heshima yake.

Wapenzi wa ushairi watakuwa wanangoja tufike kwa mwalimu wa falsafa, na hatutawanyima. Yeye ndiye anayemfunulia Jourdain kwamba kila kisemwacho ni nathari au ni ushairi, na Jourdain anashangaa kugundua kwamba kwa zaidi ya miaka arubaini amekuwa akisema nathari bila kujua. Mzaha huu umerudiwa mno hata umechakaa. Lakini usomwe na mtu aliyeshuhudia ugomvi wetu wenyewe. Sisi wa pwani, kwa muda mrefu, tulisimama mlangoni mwa ushairi na kipimo cha vina na mizani, tukimwambia mtu wa bara kwamba alichoimba nyumbani kwao si ushairi. Mulokozi na Kahigi walipotoa diwani yao mwaka 1976 na kuiita Malenga wa Bara, jina hilo peke yake lilikuwa jibu. Mwalimu wa falsafa katika tamthilia hii ana sura yetu. Anauza kwa bei ghali majina ya vitu ambavyo mwanafunzi alikuwa navyo tayari.

Kuna pingamizi moja la haki. Waadventista wa kale waliwaonya waumini wao dhidi ya kumbi za tamthilia, na mji kama Suji, uliolelewa na misheni, unaweza kuwa na wazee wasiopendezwa na michezo hii. Wazee wa namna hiyo tunao visiwani vile vile. Wasipuuzwe. Lakini ukumbi waliouonya ni ule wa ufisadi na usiku wa manane, ilhali hapa tunazungumzia uwanja wa skuli, mchana, siku isiyo ya Sabato, na watu wanaojuana kwa majina. Tena tamthilia hii ilizaliwa pamoja na muziki, na makanisa ya Upareni yana hazina ya kwaya za sauti nne. Waimbaji hao wakichukua mahala pa Lully, hawatakuwa wageni jukwaani.

Uzoefu wa nchi yetu unaunga mkono jambo hili. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, kuunda maigizo kutokana na matatizo yao wenyewe. Somo la Malya lilikuwa kwamba jukwaa la jamii husimama pale wanakijiji wanapokuwa wenye mchezo, si watazamaji wa mchezo wa wageni. Aghalabu tumelichukua somo hilo kuwa linahusu michezo ya maji, afya na mimba za wanafunzi tu. Tunaona kwamba linahusu pia kazi za kale. Wanakijiji wana haki ya kuhutubiwa juu ya malaria. Wana haki vile vile ya kumchukua Molière, kumkata na kumshona upya kwa kimo chao.

Kasoro ya tamthilia ni mwisho wake. Jourdain hafunguki macho. Anaondoka na cheo chake cha uongo, akimtoa mtumishi kwa mkalimani, na mkewe kwa yeyote amtakaye. Paris ilicheka. Tuna methali nyingine isemayo, muungwana akivuliwa nguo huchutama. Maana yake ni kwamba aibu ikikufika, kuna namna ya kuipokea kwa staha. Molière hakumpa Jourdain nafasi ya kuchutama; alimwacha amesimama katika mavazi ya kukopa, na sisi tumeketi tukimnyooshea kidole. Ni ajabu kidogo, kwani Molière mwenyewe alikuwa mwana wa fundi wa mapambo ya vyumba vya mfalme, na mavazi yale aliyavaa yeye. Labda alijua alichokuwa akijifanyia. Lakini mtayarishaji wa mlimani hafungwi na uamuzi huo. Bila kubadili neno moja, anaweza kumwacha Bi Jourdain jukwaani baada ya wengine kutoka, amfuate mumewe, amvue kile kilemba kikubwa, amketishe. Basi. Taa, kama zipo, zizimwe hapo.

Na sisi wa pwani? Ikitokea siku kikundi cha Suji kikaamua kuucheza mchezo huu, tungependa kuwaona baadhi yetu wakipanda kutoka Makanya, wakakaa katika viti vya mbao pamoja na wenyeji, wakatazama. Atakapoingia mtu wa kanzu nyeupe, mwenye Kiswahili cha mviringo, akiwa mwalimu wa nne, na watoto wa mlimani wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa, tusiulize wanamcheka nani. Tucheke nao. Hicho nacho ni kitendo.